Mtoto akisema pedeli inagonga, msikilize

Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Nilikuwa nimekaa Forodhani na shoga yangu, tunasubiri jua lipungue na wachoma mishkaki waanze kupanga meza zao. Nikamwona mwanangu anakuja kutoka upande wa Ngome Kongwe. Hakuipanda baiskeli yake. Alikuwa anaisukuma kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kitu ambacho kwa mbali nilidhani ni spana.

Alipokaribia ndipo nikakitambua. Ilikuwa pedeli ya kushoto pamoja na ule mkono wake wa chuma, vyote vimetoka. Goti lake limechubuka na damu imeshachanganyika na mchanga.

"Umeanguka wapi?"

"Hapo uchochoroni, mama. Nilisimama juu ya pedeli niende mbio, ikachomoka."

"Na kwa nini hukuniambia kama baiskeli yako mbovu?"

Akanitazama bila ya hasira. "Nilikwambia, mama. Mara tatu."

Na kweli aliniambia. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikamjibu "haya, tutaona." Mara ya pili nilimwambia angoje mwisho wa mwezi. Mara ya tatu nilimwambia neno ambalo wazazi wengi tunalisema bila ya kufikiri: "Si inakwenda? Basi panda, nenda."

Ameanguka uchochoroni, ambako hakuna gari. Lakini mtoto huyu kila siku akitoka chuoni huvuka ile barabara ya Darajani kumpelekea bibi yake chakula Kikwajuni. Hapo pana daladala, pikipiki, mikokoteni na watu. Lau ile pedeli ingengoja dakika kumi tu, ingechomokea katikati ya barabara. Usiku ule sikulala vizuri.

Waliotutangulia wamesema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Wiki hii ukurasa huu unazungumzia mwiba huo mmoja, yaani mkono wa pedeli uliolegea. Ni tatizo la kawaida sana katika baiskeli za watoto wetu, kulitambua hakuhitaji ufundi, na likiwahiwa huisha kwa dakika chache.

NI KITU GANI HASA KINACHOLEGEA?

Kila pedeli ya baiskeli imefungwa kwenye mkono wa chuma au wa aluminiamu. Mafundi wengi wanauita krenki. Mikono hiyo miwili, wa kulia na wa kushoto, inashika kwenye ekseli fupi inayopita katikati ya fremu na kuzunguka juu ya gololi. Mkono wa kulia ndio wenye ile sahani ya meno inayovuta mnyororo.

Sasa fikiria kazi inayofanywa na sehemu hiyo ndogo. Mtoto wa kilo 40 akisimama juu ya pedeli moja, uzito wake wote unaubana mkono wenye urefu wa kama sentimita 15, na mkono huo unaisokota ekseli ambayo haizidi sana unene wa kidole gumba. Nusu mzunguko baadaye, mguu wa pili unafanya vile vile upande wake. Kwa safari ya kilomita moja tu, mtoto anaweza kuzungusha pedeli mara 200 hadi 300.

Mkono ukiwa umeshika barabara, nguvu yote hiyo inakwenda kwenye mnyororo na gurudumu. Ukiwa na upenyo mdogo, hata wa unywele, kila kanyago linageuka kuwa pigo la nyundo. Ule mlio wa "tk, tk" anaousikia mtoto ndio pigo lenyewe. Na kila pigo linaupanua upenyo zaidi. Kwa hiyo mkono uliolegea haukai kama ulivyo, unaharibika siku hadi siku, na safari moja ndefu inatosha kuumaliza.

Siku ya pili tulikwenda kwa fundi mmoja mzee, hukaa chini ya mti upande wa Ng'ambo na ndoo yake ya maji ya kutafutia pancha. Mwanangu akamwamkia, "Shikamoo babu," akampa ule mkono. Mzee akautazama, akaingiza ncha ya kidole chake katika tundu na kukizungusha.

"Huu umeshakufa," akasema. "Tundu lilikuwa na pembe nne, sasa limekuwa duara. Hata nikaze vipi hautashika."

Nikamuuliza, "Ungeletwa lini, mzee, ukapona?"

"Siku ile ya kwanza ilipogonga, mwanangu. Ilikuwa inataka kukazwa tu."

JINSI YA KUUTAMBUA UGONJWA

Kugonga hakutoki kwenye krenki peke yake. Pedeli yenyewe inaweza kuwa imekufa, au gololi za katikati zimelegea. Fundi alituonesha kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya nyumbani kwa dakika tatu.

Kwanza, mtoto ashike usukani na kuibana breki, baiskeli isitikisike. Wewe chuchumaa ubavuni mwake.

Pili, shika mikono yote miwili ya krenki karibu na pedeli, mmoja kwa kila mkono wako. Ivute na kuisukuma: huu uje kwako, ule uende kwake, kisha kinyume chake. Usishike pedeli zenyewe, kwa sababu pedeli mbovu itakudanganya.

Tatu, angalia kinachocheza. Ukiona mkono mmoja unatikisika na mwenzake umetulia, mkono huo ndio uliolegea. Ikiwa yote miwili inakwenda pamoja kama kitu kimoja, upande huu na upande huu, mikono ni mizima na tatizo liko kwenye gololi za ekseli. Mikono yote ikiwa imetulia lakini pedeli inayumba mahali pake, basi tazama pedeli.

Nne, weka mikono ilale sawa, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha bonyeza pedeli zote mbili chini kwa nguvu. Zungusha nusu mzunguko, ubonyeze tena. Ukisikia "tk" au ukaona mkono unateleza kidogo kabla ya kushika, umeshapata jibu.

Mafundi wengi watakwambia kwamba mkono wa kushoto ndio unaolegea mara nyingi zaidi. Ukiwa na haraka, anza na huo.

TENGENEZA KULINGANA NA AINA

Baiskeli za kisiwani kwetu si za aina moja. Zipo zile nzito za zamani kama Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Hero ya India, ambazo mpaka leo zinabeba samaki, mikate na majani ya ng'ombe. Zipo zilizotumika ng'ambo zikaletwa kwenye makontena, nyingine zina vikapu mbele na giya nyuma. Na zipo ndogo za watoto. Krenki zake hufungwa kwa njia tatu kuu, na dawa ya njia moja siyo dawa ya nyingine.

Ya kwanza ni ya pini. Ukitazama mkono wa pedeli pale unapokutana na ekseli, utaona pini ya chuma imepita kwa upande na kutokeza nati ndogo. Mafundi wanaiita kotapini. Ndiyo iliyomo katika baiskeli nyingi nzito za zamani. Pini hiyo ina ubapa upande mmoja, na ubapa huo ndio unaobana ekseli kama kabari inavyobana mpini wa jembe.

Kosa la wengi hapa ni kudhani kwamba nati ndiyo inayobana. Nati kazi yake ni kuizuia pini isirudi nyuma. Ukikaza nati peke yake kwa nguvu utavunja uzi wa pini na mkono utabaki umelegea. Pini hugongwa kwa nyundo kwanza ikae, kisha nati ndiyo ifuate. Na wakati wa kugonga, fundi mwangalifu huweka kipande cha bomba au chuma kigumu chini ya mkono wa krenki, ili pigo liishie hapo lisiende kuumiza gololi za ndani. Pini ikiwa imeshapata kijito kwenye ule ubapa wake, usiigonge tena, nunua mpya. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani, kwa kuwa unene wa pini hutofautiana. Baada ya kufunga, panda mwendo mfupi, kisha kaza nati tena.

Baada ya kazi simama ubavuni mwa baiskeli utazame. Mikono miwili inatakiwa ilale kwenye mstari mmoja, huu ukitazama mbele na ule nyuma kabisa. Ikiwa imepinda kama kiwiko, pini moja imeingia kinyume au imechakaa.

Ya pili ni ya ekseli yenye pembe nne. Hii ndiyo iliyokuwa ya mwanangu. Hapa huoni pini. Unaona kifuniko kidogo cha plastiki katikati ya mkono, na ukikiondoa unakuta kichwa cha bolti au nati ndani ya shimo. Ncha ya ekseli imechongwa pembe nne na inapungua unene kuelekea nje. Tundu la mkono nalo lina pembe nne. Bolti inapokazwa, inausukuma mkono upande juu ya ile ncha mpaka ubane kabisa.

Nyingi hufunguliwa kwa spana ya boksi namba 14. Nyingine zinataka ile spana ya umbo la herufi L yenye pembe sita, na kwa kawaida huwa ya milimita 8. Bolti zote mbili, ya kulia na ya kushoto, hukazwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda.

Nguvu ya kukazia ndiyo inayowashinda wengi. Watengenezaji hutaka kiasi cha newtonmita 35 hadi 50. Tuseme kwa lugha ya nyumbani: ukiwa na spana ya urefu wa sentimita 25, newtonmita 40 ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 16 kwenye ncha yake. Ni kama ndoo ya lita 20 iliyobakisha kidogo kujaa. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima anayetia uzito wa mwili. Spana fupi ya mkononi aliyonayo mtoto haifiki hapo, ndiyo maana watoto wanakaza leo na kesho imelegea tena.

Kabla ya kukaza, ikiwa mkono umetoka kabisa, futa mchanga na kutu kwenye ncha ya ekseli na ndani ya tundu kwa kitambaa kikavu. Ikiwa kingo za tundu zimelika na pembe zimekuwa duara, acha kukaza. Ekseli ni chuma kigumu na mara nyingi inaokoka. Mkono wa aluminiamu ni laini zaidi, na huo ndio wa kubadilisha. Tafuta mwengine wenye urefu ule ule, la sivyo mguu mmoja wa mtoto utakuwa unazunguka duara kubwa kuliko mwenzake.

Ya tatu ni ya chuma kimoja. Baadhi ya baiskeli za watoto hazina mikono miwili ya kufunga. Ni chuma kimoja kilichokunjwa, kinaingia upande huu wa fremu na kutokea upande wa pili. Huo mkono hauwezi kuchomoka. Ukiona inacheza, ni nati zinazobana gololi ndizo zilizolegea, na hiyo ni kazi nyepesi kwa fundi.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Usimwambie mtoto "panda hivyo hivyo mpaka nyumbani." Kilomita mbili za kurudi nyumbani zinaweza kugeuza kazi ya kukaza bolti moja kuwa kazi ya kununua mkono mpya. Baiskeli isukumwe.

Usikubali kipande cha kopo la soda kisokomezwe kwenye tundu ili libane. Kitabana siku mbili tatu, kisha mkono utachomoka siku usiyoitarajia. Gundi nayo ni hivyo hivyo. Na ukichomelea mkono kwenye ekseli, siku gololi zikifa huna pa kuingilia, itabidi ukate.

Usibadilishe pedeli za kulia na kushoto. Hii ni habari nyingine lakini inawapoteza wengi: pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Aghlabu utaona herufi L kwenye ya kushoto na R kwenye ya kulia. Ukilazimisha ya kulia iingie kushoto, utaharibu uzi wa mkono mzima.

CHUMVI, MCHANGA NA BAISKELI "MPYA"

Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui wa ziada. Upepo wa chumvi unaokuja Forodhani na Malindi unakula nati na bolti za chuma, na watoto wetu wanazilaza baiskeli mchangani wakati wanaruka majini. Baiskeli ikipata maji ya chumvi, imwagie maji baridi, uifute na uiache ikauke. Tone la mafuta kwenye mnyororo na kwenye nati zinazoonekana nje linasaidia. Kile kifuniko kidogo cha plastiki kikipotea, usikidharau. Kinazuia mchanga usikae kwenye kichwa cha bolti.

Ukinunua baiskeli iliyotumika, kifanye kile kipimo cha mikono miwili kabla ya kutoa pesa. Rangi inayong'ara haikwambii kitu kuhusu krenki. Na ikiwa ni mpya kabisa ya dukani, usifikiri imekazwa kama inavyotakiwa. Baiskeli nyingi husafiri zikiwa vipande na kuunganishwa dukani kwa haraka. Ikaguliwe siku ya kwanza, kisha irudiwe baada ya wiki ya kupandwa. Mkono wowote uliofungwa upya hutulia kidogo, na kukaza huko kwa mara ya pili ndiko kunakouweka.

Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi inatosha. Sisi nyumbani tumechagua Ijumaa ya kwanza ya mwezi, asubuhi. Haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

MWAMBIE NINI MTOTO?

Mfundishe mambo matatu. Akisikia mlio mpya kwenye pedeli, ashuke. Akihisi mguu mmoja unateleza kabla ya pedeli kushika, asisimame juu ya pedeli tena, maana hapo ndipo uzito wote unapokwenda upande mmoja. Na akifika nyumbani, aseme.

Hilo la mwisho ni letu zaidi kuliko lake. Mtoto anayesema mara tatu na kujibiwa "tutaona" hatasema mara ya nne. Ataendelea kupanda, atanyamaza, na sisi tutadhani baiskeli imepona. Mwanangu alikuwa ameshafika kwenye kunyamaza. Wiki nzima kabla ya kuanguka hakuitaja tena ile pedeli, na mimi nilikuwa nimefurahi kuwa imeacha kugonga.

Yule fundi alipata mkono mwengine katika debe lake la vyuma, wa urefu ule ule, na tundu lake bado lina pembe kali. Akaupachika kwenye ekseli, akaingiza bolti kwa vidole, kisha akampa mwanangu spana ndefu.

"Kaza wewe. Ndiyo baiskeli yako."

Mtoto akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee akagusa spana kwa kidole. "Bado. Tia uzito, siyo mkono peke yake." Akatia uzito. Bolti ikazunguka robo nyingine, ikasita. "Sasa umefunga. Wiki ijayo njoo nayo uikaze tena."

Tulirudi wiki iliyofuata kama tulivyoambiwa. Ilizunguka kidogo tu, kisha ikasimama. Pedeli haigongi tena.

Alhamisi iliyopita nilikuwa tena Forodhani, chai mkononi. Mwanangu akaja na baiskeli yake, akasimama mbele yangu.

"Mama, breki ya nyuma inalia."

Nikaweka kikombe chini, nikanyanyuka.